Mume Anataka ya Fimbo Mbili, Jirani Anauza ya Usukani

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwaka jana tulihamia kwenye ardhi yetu ya ekari 6, mbali na mji. Nyumba, ghala na kijisitu cha nyuma vimechukua kama ekari moja na nusu. Ekari 3 hivi ni nyasi za kukata: uwanja wa mbele, katikati ya miti ya matunda, na mteremko unaoshuka mpaka bwawani. Kilichobaki, ekari moja na nusu, ni pori la nyasi za kufika magotini, lenye visiki na mawe ambayo hata hatujui ni mangapi.

Mpaka sasa tunatumia mashine ya kusukuma kwa mkono. Nikianza Ijumaa asubuhi namaliza Jumapili jioni, na nilipoanzia pameshaanza kuota tena. Kazi ya mume wangu ni ya safari, kwa hiyo anayekata ni mimi. Tumekubaliana tununue mashine ya kukalia. Ni ipi, hapo ndipo tumekwama.

Yeye ameipenda ile isiyo na usukani, ya kuendesha kwa fimbo mbili, yenye upana wa kukata wa inchi 60. Anasema inageuka pale pale iliposimama na itamaliza kazi yote kwa saa moja. Jirani yetu naye anauza trekta lake la bustani la usukani, inchi 42, kwa bei ya kirafiki. Alikuja nalo akanionyesha. Liliwaka mara moja na lilikata vizuri. Katikati ya kazi alishuka kuondoa tawi, visu vikiwa bado vinazunguka, na injini haikuzimika. Akaniambia huo ndio uzuri wake, halina usumbufu wa kuzima kila ukiinuka kama haya ya kisasa. Lakini lilipopanda kutoka bwawani lilijikokota sana. Akasema nyasi zilikuwa nyingi.

Mteremko wenyewe, Mjomba, nikishuka na ndoo lazima nikanyage kwa kisigino. Lango la bustani ya matunda lina upana wa mita 1.7. Na kitinda mimba wangu wa miaka 9 keshaanza kuniomba nimpakate nikiwa nakata. Nishauri.

Mama Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale pale: jirani ameshuka, visu vinazunguka, injini haizimi. Wewe umeliandika kama sifa ya trekta. Mimi naliona ni kasoro, tena kubwa kuliko zote ulizozitaja.

Chini ya kiti cha mashine hizi kuna swichi ndogo. Mwendeshaji akiinuka huku visu vimewashwa, swichi inazima injini na visu vinasimama ndani ya sekunde chache. Imewekwa kwa sababu ncha ya kisu hukimbia kwa kasi inayoweza kupita kilomita 300 kwa saa, na mtu aliyedondoka kitini hana nafasi ya kuikwepa. Sasa kama la jirani halizimi, ama swichi imekufa, ama kuna mtu ameunganisha nyaya pale chini ili umeme uipite. Mara nyingi huwa ni hilo la pili. Mtu anachoshwa na injini inayozima kila kiti kikirushwa na mashimo, anakata nyaya, anazisokota, anafunga utepe mweusi, anaendelea na kazi. Inua kiti utazame. Ukikuta nyaya zimesokotwa karibu na swichi, jibu umelipata.

Simsemi vibaya jirani yako. Amelizoea trekta lake kama mtu anavyozoea ngazi yenye kipandio kilichooza: anajua asikanyage wapi. Wewe hujui, na una mtoto wa miaka 9.

Na hilo la kumpakata tulimalize hapa hapa. Usimpakate, hata mara moja, hata kwa mwendo wa kobe. Hatari ya kwanza ni kwamba akiteleza mapajani mwako anaangukia mbele ya visu. Ya pili wazazi wengi hawaifikirii. Mtoto aliyewahi kupandishwa, siku nyingine akisikia injini inawaka atakuja mbio apandishwe tena. Atakuja kutokea nyuma, na wewe huenda wakati huo unarudi nyuma, masikio yamejaa kelele. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri mtoto asiendeshe mashine ya kukalia kabla hajatimiza miaka 16, na abiria wasiwepo kabisa. Ukikata, watoto wawe ndani ya nyumba na mtu mzima. Atalia siku mbili, kisha atazoea.

Sasa mteremko, maana ndio utakaokuchagulia mashine.

Tafuta ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji. Nenda panaposhuka kwa ukali kuliko kote. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, ncha nyingine ielekee bwawani, halafu inua hiyo ya chini mpaka povu la pima maji likae katikati. Mtu mwingine apime kwa futi kutoka ncha hiyo kushuka hadi ardhini. Ukipata sentimita 18, mteremko wako ni wa nyuzi 10. Ukipata 27, ni nyuzi 15, na hapo ndipo vitabu vya mashine nyingi za kukalia vinaposema mwisho. Hiyo ni kwa nyasi kavu. Zikiwa na umande, usipande hapo hata kama kipimo kinakuruhusu. Pima sehemu tatu au nne, kwa sababu mteremko hauwi sawa kila mahali, na andika kila namba. Kwa hilo la kukanyaga kwa kisigino, nina wasiwasi kwamba sehemu ya chini imepita kiwango.

Mashine anayoitaka mume wako si mbaya. Kwenye uwanja tambarare wenye miti na vitanda vya maua vingi hakuna kinachoishinda. Inazunguka mti kama mtu anayezungusha kalamu kwenye kikombe. Lakini angalia inavyofanya kazi. Kila tairi la nyuma lina mfumo wake wa kuendeshwa, na kila fimbo inaamuru tairi moja. Ukitaka kugeuka, tairi moja linakwenda upesi kuliko lingine. Vigurudumu vya mbele havielekezi chochote, vinafuata tu, kama vya kiti cha ofisini. Maana yake kugeuka na kusimama kote kunategemea matairi mawili ya nyuma yashike ardhi. Yakiteleza, huna tena cha kuielekeza mashine.

Hili nimelipata kwa mwili wangu. Nilikuwa nakata ukingo wa mtaro asubuhi, umande haujakauka, kwenye mteremko ambao kwa macho haukutisha. Nilirudisha fimbo zote mbili katikati ili nisimame. Matairi ya nyuma yalisimama kweli, ila mashine haikusimama. Iliendelea kushuka juu ya nyasi kama imepakwa sabuni, vigurudumu vya mbele vikageukia vinakotaka, pua ikaelekea mtaroni. Kilichonizuia ni kichuguu. Nilipotulia niliangalia nyuma nikaona mistari miwili mirefu, nyasi zimelala na kung'aa pale matairi yalipoburuzwa bila kuzunguka. Tangu siku hiyo sijapeleka mashine ya fimbo mbili kwenye mteremko unaoishia majini au mtaroni, na wewe wa kwako unaishia bwawani.

Trekta la usukani nalo linaweza kuteleza, nisikudanganye. Lakini magurudumu yake ya mbele yanageuzwa na mkono wako, kwa hiyo ya nyuma yakipoteza ardhi bado unayo njia ya kuiongoza pua. Kata nalo kwa kupanda na kushuka moja kwa moja, usikate kwa kuambaa mteremko, maana hapo ndipo linapopinduka kwa ubavu. Usigeuze katikati ya mteremko kama unaweza kungoja ufike juu. Na ukiona linashindwa kupanda, zima visu, urudi chini kinyumenyume taratibu, ukiangalia nyuma. Matrekta mengi ya bustani hayana ule upinde wa chuma nyuma ya kiti unaomkinga mtu mashine ikipinduka, ndiyo maana zile nyuzi 15 uzichukulie kama ukuta. Mume wako akija kununua ya fimbo mbili kwa kazi nyingine yoyote, ajue na hili: upinde ukiwa umesimama, mkanda wa kiti ufungwe; upinde ukiwa umelazwa, mkanda usifungwe, kwa sababu mashine ikipinduka utakubana chini yake.

Ukanda wa mwisho kabla ya maji usipitwe na mashine yoyote ya kukalia. Acha angalau upana wa mashine mbili. Hapo fyeka kwa mashine ya kufyekea ya kuvaa begani, au uache nyasi na matete viote. Mizizi yake itashika ukingo usimomonyoke, na wewe utapungukiwa na kazi.

Twende kwenye hesabu ya mume wako ya saa moja. Chukua upana wa kukata kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilomita kwa saa, gawa kwa 10: unapata hekta kwa saa. Kisha punguza sehemu moja ya tano, kwa sababu unageuka, unapishanisha mistari, unakwepa miti. Ekari zako 3 ni hekta 1.2. Mashine ya inchi 60, yaani mita 1.52, ikienda kilomita 10 kwa saa, kweli inamaliza kwa saa moja. Kwenye karatasi yuko sahihi. Lakini mwambie akae juu yake kwa mwendo huo katikati ya miti ya matunda, kwenye ardhi ambayo haijasawazishwa. Hatavumilia dakika kumi. Kwa kilomita 7, mwendo ambao mgongo unaustahimili, itachukua kama saa moja na dakika 25. Ya inchi 48 kwa kilomita 6 itachukua saa mbili na dakika chache. Ya inchi 42, karibu saa mbili na nusu.

Kwa hiyo kati ya 60 na 48 mnagombania dakika 40. Upana huo mkubwa una gharama yake. Lile sinia la chuma linalofunika visu, mafundi wanaliita deki, likiwa pana halifuati mabonde madogo ya ardhi. Linakaa juu ya vilima, visu vinakwangua vichwa vyake hadi udongo unaonekana, na kwenye mashimo nyasi zinabaki ndefu. Tena deki ina mdomo wa pembeni wa kutolea nyasi, unaoongeza kama sentimita 25 hadi 30. Inchi 60 pamoja na mdomo wake haipiti kwenye lango lako la mita 1.7. Inchi 48 inapita, na nafasi ya mkono inabaki pande zote.

Lile pori la nyuma litoe kabisa kwenye hesabu. Mashine za kukatia uwanja hazikutengenezwa kwa nyasi za magotini. Mkanda unaozungusha visu utaungua, nyasi zitasokotana kwenye visu, na kisiki kimoja usichokiona kinatosha kupinda shafti ya kisu. Nimeshika shafti ya namna hiyo mkononi. Kwa macho ilikuwa imenyooka, ila tulipoizungusha juu ya meza ilicheza kama yai, na deki nzima ilikuwa ikitetemeka mpaka boliti zinalegea. Pori hilo litafutie mtu mwenye trekta la shambani na mashine ya kufyeka inayoburuzwa nyuma, aje mara moja au mbili kwa mwaka. Kabla hajaja, litembeeni kwa miguu mkachomeke fito kila penye kisiki na jiwe.

Basi nikuambie ninalolifikiria. Wewe unahitaji trekta la bustani la usukani, inchi 48, la aina nzito. Unajuaje zito na jepesi, wakati yote yamepakwa rangi nzuri na kuandikwa nguvu za farasi kwa herufi kubwa? Achana na injini kwanza. Piga magoti nyuma, uangalie tairi la nyuma linavyofungwa. Kwenye mepesi, tairi limechomekwa kwenye ekseli na kuzuiwa na kibanio kimoja kidogo, juu yake kifuniko cha plastiki. Kwenye mazito, limekazwa kwa boliti tano kama la gari. Alama hiyo mara nyingi inakuambia giaboksi iliyo ndani, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye matairi, ni ya namna gani.

Na giaboksi ndiyo roho ya trekta kwenye ardhi kama yako. Nyingi siku hizi hazina gia za kubadilisha. Pampu ndani inasukuma oili kwa presha, na presha hiyo ndiyo inayozungusha ekseli. Kwa mwendeshaji ni raha, unakanyaga pedali tu. Lakini oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, presha inavuja ndani kwa ndani, na trekta linaanza kuchoka mlimani. Zilizotengenezwa kwa viwanja vidogo tambarare mara nyingi zimefungwa moja kwa moja, hakuna mahali rahisi pa kubadilishia oili. Kwenye mteremko kama wako, wiki baada ya wiki, hazidumu. Muulize muuzaji swali moja: oili ya giaboksi inabadilishwa vipi, na kila baada ya saa ngapi? Akikujibu kwamba haibadilishwi kamwe, endelea kutafuta.

Sasa utaelewa kwa nini sikubaliani na jirani kwamba lilijikokota kwa sababu ya wingi wa nyasi. Inawezekana, pia mkanda unaoendesha giaboksi unaweza kuwa umelegea. Kuna njia ya kujua. Mwombe akate nalo uwanja wa tambarare nusu saa nzima mpaka kila kitu kipate moto, kisha azime visu na kulipandisha mteremko, mahali pasipo pakali. Visu vimezimwa, kwa hiyo nyasi hazina pa kusingiziwa. Likipanda vizuri, hatia haikuwa ya giaboksi. Likijikokota, na mkanda umeukagua ukakuta mzima, unanunua giaboksi iliyokwisha, na giaboksi mara nyingi inagharimu zaidi ya thamani ya trekta lililobaki.

Siku hiyo hiyo fika injini ikiwa bado ya baridi. Ishike kwa mkono kabla hajaiwasha. Mashine iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha mengi. Ukiwa umezima kila kitu na kuchomoa waya wa plagi, ingiza mkono wenye glavu ngumu chini ya deki, shika kisu, ukisukume juu na chini. Kikicheza, beringi zimekwisha. Tazama kutu upande wa ndani. Kutu ya juu juu haina neno, lakini chuma kikibonyea kwa bisibisi, deki hiyo imeshakufa.

Likifaulu yote hayo, bado ni inchi 42, na bado ni la kurudishiwa swichi ya kiti kabla hujalipa. Swichi ni kitu kidogo, fundi yeyote anaifunga. Kisha ijaribu mwenyewe: uwanja tambarare, breki ya kuegeshea imekazwa, hakuna mtu karibu, washa visu, inuka kidogo bila kushuka. Injini lazima izime. Jirani akikataa swichi isirudishwe, mshukuru na uachane nalo, hata akikupa bure.

Jipya au la mkononi, ukae kitini wewe mwenyewe, siyo mume wako. Angalia kama mguu unafika kwenye pedali bila kuinama mbele. Viti vingi vina springi ya kurekebisha kulingana na uzito. Kama imewekwa kwa mtu mzito na wewe ni mwepesi, utarushwa kila shimo, injini itazimazima, na siku moja utamwelewa yule aliyekata nyaya. Rekebisha springi, usiguse nyaya.

Matunzo hayana mengi. Lipya libadilishiwe oili ya injini mapema, baada ya saa tano hadi kumi za kwanza kama kitabu chake kinavyosema, halafu kwa ratiba yake. Visu vinolewe kila baada ya saa 20 hadi 25. Utajua vimebutuka ukiona ncha za nyasi zimechanika na kugeuka nyeupe siku ya pili. Ukishanoa, tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, uunole kidogo zaidi mpaka kitulie sawa. Na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja, hata kama umechelewa wiki mbili.

Mume wako akirudi safari, mkabidhi ubao na pima maji kabla hamjazungumza lolote la mashine, ukamshikie futi. Halafu mwache ashuke hadi bwawani na ndoo iliyojaa maji, apande nayo. Namba mtakazopata niandikie. Kama hata sehemu ya juu ya mteremko imepita sentimita 27, msinunue chochote kwanza, tutazungumza namna ya kupapanda miti au kupaacha.

Mjomba